Kabla ya Kununua Chupa ya Omega kwa Ajili ya Punda

Mazungumzo yaliyotolewa Kibiti mbele ya wafugaji na wanunuzi wa vyakula vya mifugo



Hapa mezani tumeweka chupa moja ya nusu lita. Mbele yake pamechapwa picha ya farasi mweusi anayekimbia, manyoya yakimeremeta. Chini ya picha pameandikwa kwa herufi kubwa neno "omega", na chini ya neno hilo zimepangwa ahadi nne: nguvu, manyoya mazuri, viungo imara na kinga ya magonjwa. Nyuma ya chupa, mahali ambapo mnunuzi angetarajia kuelezwa ndani mna nini na kwa kiasi gani, hapana hesabu yoyote. Jina la mtengenezaji tumelifunika makusudi, kwa kuwa hatukuja kumshitaki mtu. Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya fedha zenu na wanyama wenu.

Mtauliza: farasi wa nani, hapa Kibiti? Swali hilo ni la haki. Nchi yetu hii, kuanzia Bungu na Jaribu hadi kingo za mto na visiwa vya delta, haikuwa kamwe nchi ya farasi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916 na 1917, majeshi ya Waingereza yaliyowafukuza Wajerumani hadi bonde la Rufiji yalitegemea farasi, baghala na punda. Wanyama wale walikufa kwa maelfu, na wengi zaidi waliuawa na maradhi kuliko risasi, hasa nagana inayoenezwa na mbung'o, mdudu ambaye wengine humwita ndorobo. Mbung'o hakuondoka pamoja na majeshi yale.

Ila tunao punda. Si wengi kama walivyo Dodoma au Shinyanga, lakini wapo, na mwenye punda mmoja aghalabu hana wa pili. Punda ni ndugu yake farasi, na muuzaji anapoulizwa kama chupa hii inamfaa punda, hujibu upesi kwamba inamfaa. Hivyo ndivyo dawa ya farasi asiyekuwepo inavyofika katika zizi la punda aliyepo.

Mama mmoja aliyekuwa akibebesha maji na magunia ya muhogo kwa mkokoteni wa punda alitueleza yaliyompata. Punda wake alianza kukonda ingawa majani yalikuwa tele. Akaambiwa kwamba mnyama amepungukiwa omega. Akanunua chupa ya kwanza, akampa kwa kijiko asubuhi na jioni. Ilipokwisha akanunua ya pili. Afisa mifugo alipoitwa, punda alikuwa amevimba chini ya tumbo na fizi zake zimekuwa nyeupe. Alikuwa na nagana, tena ya siku nyingi. Hakupona. Fedha za chupa zile mbili zingetosha kipimo cha damu, dawa na nauli ya mtaalamu. Mafuta yale hayakumwua punda. Kilichomwua ni majuma yaliyopotea wakati mwenyewe akiamini kwamba anamtibu.

Kwa sababu hiyo tunaomba mtuvumilie tueleze omega ni nini, inapatikana wapi, inaweza nini na haiwezi nini.

Omega ni nini

Mafuta yote, yawe ya mbegu, ya samaki au ya mnyama, yamejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za mafuta. Mwili wa mnyama unaweza kujitengenezea nyingi kati ya hizo. Zipo mbili usizoweza kuzitengeneza, nazo lazima ziletwe na chakula: moja ni ya jamii ya omega-6, nyingine ni ya jamii ya omega-3. Omega-6 imejaa katika nafaka, pumba, alizeti na ufuta. Omega-3 ya mimea imejaa katika majani mabichi na katika mbegu chache, na mashuhuri kati ya hizo ni mbegu za kitani, ambazo madukani huitwa flaksi. Omega-3 ya namna nyingine, iliyo tayari zaidi kutumiwa na mwili, imo katika samaki.

Hapa pana kosa ambalo tumelikuta mara nyingi. Kibiti na Rufiji ni nchi ya ufuta, na punje ya ufuta na ya kitani hushabihiana: zote ni ndogo, bapa na zenye mafuta. Wapo wanaoamini kwamba zikishabihiana kwa umbo zinashabihiana kwa kazi, na wapo wauzaji wasiotaka kuwasahihisha. Ukweli ni huu. Katika mafuta ya kitani, zaidi ya nusu ni omega-3. Katika mafuta ya ufuta, omega-3 haifiki sehemu moja katika mia. Kiasi cha sehemu 40 katika mia ni omega-6. Mafuta ya nazi hayana omega-3 ya kuhesabika, na ya korosho hali kadhalika. Hatusemi hivi ili kuudharau ufuta. Mashudu ya ufuta ni chakula bora cha mifugo kwa sababu ya protini yake. Tunachosema ni kwamba ufuta haupaswi kuuzwa kwa jina na bei ya kitani.

Hazina iliyo malishoni

Sasa tufanye hesabu pamoja, maana hesabu ndiyo ngao ya mnunuzi.

Punda wa kilo 150 hula kiasi cha kilo 2 hadi 2.5 za malisho kwa siku, uzito ukihesabiwa baada ya kuondoa maji. Majani mabichi hayaonekani kuwa na mafuta, lakini yanayo: kwa makadirio, gramu 20 katika kila kilo ya malisho makavu, na karibu nusu ya mafuta hayo ni omega-3. Kwa hiyo punda anayeshiba majani mabichi hupata kiasi cha gramu 20 za omega-3 kila siku, bila mwenye punda kutoa senti.

Kijiko cha chai cha mafuta halisi ya kitani kina chini ya gramu 5 za mafuta, na kati ya hizo omega-3 ni gramu 2.5 hivi. Vijiko vinane, basi, ndivyo vinavyolingana na malisho ya siku moja. Na chupa hii ya nusu lita, hata kama ingekuwa mafuta matupu ya kitani bila kuchanganywa na kitu, ingekuwa sawa na majani mabichi ya siku 12 au 13. Tunawaachia wenyewe kulinganisha bei yake na kazi ya kumhamisha punda kutoka kamba moja hadi nyingine katika bonde la mto.

Wakati wa kiangazi hesabu hubadilika. Majani yakikauka juani hupoteza sehemu kubwa ya omega-3 yake, na punda anayefungwa nyumbani akilishwa pumba na nyasi kavu hupata omega-6 nyingi na omega-3 kidogo. Hapo kirutubisho cha kitani kina nafasi yake. Hata hivyo, kabla ya kwenda dukani, tafuteni majani yaliyobaki kuwa mabichi kandokando ya mto, mabwawa na mifereji. Mundu na saa moja ya kazi huweza kutenda zaidi ya chupa.

Kile ambacho kitani kinaweza

Si haki kusema kwamba mbegu hizi hazina faida. Mwaka 2002 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa farasi 6 waliokuwa wakiwashwa ngozi kwa sababu ya kuumwa na visubi. Kwa siku 42 farasi walipewa mbegu za kitani zilizosagwa, na katika zamu nyingine wakapewa chakula kisicho na mbegu hizo. Walipochomwa ngozi kwa dondoo ya visubi, uvimbe ulikuwa mdogo zaidi kwa waliokula kitani. Hilo ni jambo la kutia moyo, na wafugaji wengi wa farasi duniani husema pia kwamba manyoya huwa laini na yenye kung'aa.

Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, farasi walikuwa 6 tu. Ni jaribio dogo. Pili, kipimo kilikuwa kama gramu moja ya mbegu kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Kwa punda wa kilo 150 ni gramu 150 kwa siku, mkono uliojaa mara kadhaa. Anayeuza kijiko kwa siku huku akitegemea sifa ya utafiti wa gramu 150 anauza sifa ya mwingine.

Kile ambacho haiwezi

Omega ni chakula. Haiui vimelea vya nagana, haiui minyoo, haichongi kwato, haifungi kidonda cha mgongo kilicholetwa na matandiko mabaya. Punda anayekonda huku anakula, mwenye homa inayopanda na kushuka, mwenye fizi nyeupe au uvimbe chini ya tumbo, anahitaji kupimwa damu. Mwiteni daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata. Wala msikimbilie dawa ya ng'ombe kwa kukisia: dawa nyingine za nagana ambazo ng'ombe huzivumilia humdhuru punda, na kipimo ni kazi ya mtaalamu.

Pana jambo jingine linalowahusu punda kuliko wanyama wengi. Punda akiacha kula, hasa aliyenona au mwenye mimba, mwili wake huyeyusha akiba ya mafuta kwa wingi hata damu ikajaa mafuta na ini likashindwa kazi. Hali hiyo huua. Kumnywesha mafuta punda wa namna hiyo, kwa kudhani kwamba amekosa nguvu, ni kumwongezea mzigo alioshindwa kuubeba. Punda aliyekataa chakula kwa siku nzima ni mgonjwa wa dharura. Asisubiriwe mpaka gulio lijalo.

Tunaongeza onyo la tatu, ijapokuwa halihusu omega, kwa sababu linatokea katika duka lile lile. Msimpe punda chakula cha kuku cha dukani. Baadhi ya vyakula hivyo hutiwa dawa ya kuzuia koksidia iitwayo monensini. Kwa kuku ni kinga. Kwa farasi na punda ni sumu ya moyo, na kiasi kidogo hutosha kuua.

Kuandaa mbegu: jifunzeni kwa muhogo

Ikiwa mmekata shauri kutumia mbegu za kitani, fahamuni kwamba mnalo tayari somo lake jikoni. Muhogo mchungu na mbegu ya kitani vina kitu kimoja kiitwacho linamarini, kilichopewa jina kutokana na jina la kitaalamu la kitani. Kitu hicho kikikutana na maji na kimeng'enya kilicho ndani ya mmea wenyewe hutoa sumu ya sianidi. Bibi zetu hawakulijua jina hilo, lakini walijua kumenya, kuloweka, kuanika na kupika vyema, na kwa ujuzi huo watu wameishi.

Kwa kitani kanuni ni hizi. Mbegu kavu zilizosagwa na kulishwa papo hapo kwa kiasi kidogo hazijulikani kuleta madhara kwa farasi. Mbegu zilizolowekwa kwa maji ya uvuguvugu kisha zikalishwa bila kuchemshwa ndizo za kuogopwa, kwa sababu uvuguvugu ndio unaoiamsha sumu. Anayetaka kuloweka na achemshe hadi maji yatokote kwelikweli, bila kufunika chungu, kisha aache vipoe. Mbegu nzima zisizosagwa hupita tumboni nyingi zikiwa kama zilivyoingia. Aliyelipia ameilisha samadi.

Anzeni kidogo na kuongeza polepole kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Farasi na punda hawana mfuko wa nyongo. Huweza kumeng'enya mafuta, lakini tumbo lao linahitaji muda wa kuzoea. Mafuta ya ghafla huharisha. Tena mafuta ya omega-3 huharibika upesi kwa joto, hewa na mwanga, na joto la Kibiti tunalijua sote. Chupa iliyokaa dirishani mwa duka kwa miezi, au mbegu zilizosagwa zikawekwa kwenye mfuko wazi, huchacha. Nuseni: mafuta yenye harufu kali ya rangi ya kupakia mbao yameharibika. Mwenye kununua na anunue mbegu nzima, asage za siku moja.

Neno kwa wenye ng'ombe na kuku

Ng'ombe si punda. Katika tumbo lake kubwa wamo viumbe wadogo wanaoibadilisha sehemu kubwa ya omega-3 kabla haijafika mwilini, na mafuta yakizidi kiasi cha sehemu 6 katika mia ya chakula kikavu huzuia umeng'enyaji wa majani. Kummiminia ng'ombe chupa ya omega ni hasara ya wazi. Mpeni mashudu ya ufuta au ya nazi kwa ajili ya protini, na mwangalie yasiwe na ukungu. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 wengi waliponea chupuchupu na chakula cha mifugo kilicholowa. Kumbukeni kwamba mashudu yenye ukungu huweza kubeba sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuanikwa.

Kuku huhamisha omega-3 ya chakula chake hadi kwenye kiini cha yai, na ndiyo maana mijini huuzwa mayai ya bei ya juu yenye jina la omega. Jina hilo huweza kuwa la kweli, ikiwa kuku wamelishwa kitani au samaki. Lakini ninyi wa Nyamisati, Mbwera na Salale, mnaokula samaki wa delta, mnayo omega-3 iliyo bora zaidi katika sufuria. Dagaa wa mlo mmoja hawahitaji lebo.

Dukani

Ndugu zetu, hatuwazuii kununua. Tunawaomba mnunue kwa macho mawili. Kabla hamjatoa fedha, ulizeni haya:

Kwanza, ndani mna mafuta au mbegu ya nini? Neno "omega" peke yake halijibu swali hilo. 

Pili, omega-3 ni gramu ngapi katika kipimo cha siku? Pasipo na hesabu, pana picha ya farasi tu.

Tatu, imetengenezwa lini, inakwisha lini, na nani ameitengeneza?

Nne, inadai kutibu au kukinga ugonjwa? Kama inadai, hiyo si biashara ya chakula tena. Dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nayo lazima iwe na usajili.

Tano, je, mnyama wangu ana upungufu, au ana ugonjwa? Swali hili halijibiwi na muuzaji bali na mtaalamu aliyemwona mnyama.

Kisha daini risiti, na kuitunza pamoja na chupa. Vyakula vya mifugo vina sheria yake ya mwaka 2010. Viwango vya bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayouziwa. Lakini sheria haiwezi kumtetea mtu asiye na ushahidi. Risiti na chupa ndio ushahidi wenu. Vipelekeni kwa afisa mifugo wa kata au kwa afisa biashara wa halmashauri, nasi tutavipokea kutoka kwao.

Na kwenu, ndugu wenye maduka: mteja aliyeambiwa "hiki hakimfai punda wako, nenda ukampime" atarudi kesho kununua kamba, chumvi na mashudu. Mteja aliyezika punda wake harudi.

Yule mama sasa anabeba muhogo kwa kukodi pikipiki. Ametupa ruhusa ya kuwasimulia habari yake, kwa sharti moja: tuwaambie kwamba majani yalikuwa tele, na kwamba mnyama akikonda penye majani, haulizwi muuza chupa.